Namna ya Kuvunja Kioo

Jumapili moja ya Februari rafiki yangu alinipigia simu kutoka Migato. Hakuanza na salamu, na Msukuma akikupigia simu bila kukuuliza habari za nyumbani, ujue kuna jambo.

"Bwana, hawa watu wanataka kumpa mtoto kioo avunje."

Nikadhani ni adhabu. Kumbe ni somo. Binti yake ameanza kidato cha kwanza Januari, na mwalimu wa kemia amewatangazia kwamba wiki ijayo watakata fito za kioo maabara, kila mwanafunzi kwa mikono yake mwenyewe. Wanafunzi wanaziita glasi rodi, vile vijiti vya kukorogea kemikali. Mtoto karudi nyumbani ana furaha kama aliyenunuliwa baiskeli. Baba yake hakulala.

"Wewe ni mwandishi wa habari," akaniambia. "Njoo uongee na huyo mwalimu. Mimi ataniona mkulima tu, sijui mambo. Wewe atakusikiliza."

Ningeweza kumwambia aende mwenyewe. Lakini duniani kuna watu wawili tu wanaojua kwa nini baba huyu anaogopa kijiti cha kioo chenye unene wa penseli. Mmoja ni yeye. Mwingine ni mimi, niliyemharibu mkono.

*

Tulikuwa kidato cha pili, mwaka 2003, katika shule ya bweni ambayo sitaitaja. Haiko Simiyu. Wakati huo hata mkoa wa Simiyu wenyewe haukuwapo, ulianzishwa 2012. Maabara yetu ilikuwa chumba chenye kabati lenye kufuli. Bika, chupa na mirija tuliviona kwa macho kupitia mlango wa kabati, halafu tukavichora. Michoro yetu ilikuwa mizuri kweli, maana kwenye mtihani mchoro ndio uliokupa maksi. Ukivunja kitu ulilipa, kwa hiyo salama kuliko zote ilikuwa kutogusa.

Siku moja kabati likafunguliwa. Tulisikia wakaguzi wanakuja. Tukagawiwa vikundi ili tutengeneze oksijeni: haidrojeni peroksaidi, unga mweusi wa manganizi dioksaidi, chupa, kizibo cha mpira chenye tundu, na mrija wa kioo wa kupitishia gesi. Mimi nilikuwa nasifiwa kwa Kiingereza, nikapewa kitini nisome kwa sauti. Rafiki yangu alikuwa na mikono. Redio ya matroni ikizima, aliitwa yeye. Kwa hiyo nikawa msomaji, yeye akawa fundi.

Nikasoma vizuri hadi mstari wa nne. Pale nikakuta neno, lubricate. Sikulijua. Mwalimu alikuwa upande wa pili, amezungukwa na kikundi kingine. Na mimi, bingwa wa Kiingereza wa darasa, nisimame mbele ya wenzangu niulize maana ya neno? Nikaliruka. Nikasoma kinachofuata: ingiza mrija kwenye kizibo.

Alishika kizibo kwenye kiganja cha kushoto. Mrija ukagoma. Tundu lilikuwa jembamba na mpira mkavu. "Nisaidie kusukuma," akasema. Nikaushika mrija kule juu kabisa, mbali na kizibo, nikasukuma kwa uzito wote wa mwili.

Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya bua kavu la mtama likivunjwa. Mrija ulikatika katikati, na kipande kilichobaki mkononi mwangu kikapita pembeni ya mpira kikaingia kiganjani mwake.

Hospitali walishona ngozi. Kano zilizokatika mle ndani hakuna aliyezishughulikia. Tangu siku hiyo kidole cha pete na kidole cha mwisho vya mkono ule havikunjiki. Mpini wa jembe anaushika kwa vidole vitatu, na ng'ombe wa plau anawaongoza kwa mkono wa kulia.

Baadaye muhula uleule nilitumwa ofisini nikaliona daftari la vifaa liko wazi. Mrija wa kioo, 1, umevunjwa. Jina la rafiki yangu, na kiasi anachodaiwa. Habari za mkono hazikuwa na safu yake kwenye lile daftari.

Mwaka uliofuata, wakati wa kuchagua michepuo, sote wawili tuliikimbia sayansi. Mimi Kiingereza kikanibeba hadi chuo kikuu na kwenye magazeti. Yeye hakufaulu kidato cha nne, akarudi kwao Migato kulima pamba. Tumebaki marafiki. Nilikuwa kwenye harusi yake. Ila kuna jambo moja sikuwahi kumwambia.

Usiku wa siku ile ile nilikwenda maktaba nikalitafuta lile neno kwenye kamusi. Maana yake ni kupaka kitu maji, mafuta au sabuni ili kiteleze.

*

Kutoka Mwanza unapanda basi, mnafika Lamadi, mnaliacha ziwa na kuingia barabara ya Bariadi. Migato siku hizi iko wilaya ya Itilima, lakini watu wa rika letu ukiwauliza wanatoka wapi bado wanasema Bariadi. Nilimalizia safari kwa bodaboda. Pamba ilikuwa imeanza kutoa maua.

Tulikwenda shuleni asubuhi, yeye kavaa shati la kanisani. Njiani akanionyesha jengo la maabara kwa mbali na kuniambia mchanga wa msingi ule, mwingine kaubeba yeye. Nikakumbuka. Rais Kikwete alikuwa ameagiza kila shule ya kata iwe na maabara za fizikia, kemia na biolojia, na muda wa mwisho ukawa Novemba 2014, kisha ukasogezwa hadi Juni 2015. Nchi nzima wananchi walichangishwa fedha, mawe na nguvu kazi. Mimi wakati huo niliandika habari kadhaa kuhusu michango hiyo, kuhusu nani kakataa na nani kafungiwa mbuzi. Sikuwahi kufikiria kwamba rafiki yangu naye, na mkono ule, alikuwa kwenye foleni ya kubeba mchanga wa maabara.

Mwalimu alikuwa binti mdogo, hajafika thelathini. Wanafunzi wanamwita Madamu. Nilijitambulisha, nikaanza hotuba niliyoiandaa kwenye basi: usalama, umri wa watoto, vifaa vya huduma ya kwanza. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akamgeukia mwenzangu.

"Mzazi, naona mkono wako. Kioo?"

"Kioo."

"Kilikuwa kinakatwa au kinaingizwa kwenye mpira?"

Rafiki yangu akanitazama. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo. Akasema, "Kwenye mpira."

"Ndiyo. Wengi wanaumia hapo. Kaeni, mzazi, muone. Mkimaliza kuona mkasema mtoto asiguse, hatagusa."

*

Alikuwa na fito 8 za mita 1 kila moja. Bei ya vijiti vilivyokwisha kukatwa ilimshinda, akanunua fito ndefu. Kila moja inatoa vipande 5 vya sentimeta 20. Lakini hata kama angepewa vilivyokatwa, alisema, angetafuta kioo cha kukata. Mtoto anayekaa miaka 4 na vitu anavyoogopa kuvigusa atavivunja tu, na atavivunja vibaya.

Mezani palikuwa na tupa ya pembe tatu. Rafiki yangu akaitambua mara moja: mafundi seremala wanaitumia kunolea msumeno. Pembeni kulikuwa na kopo la maji, vitambaa viwili vya kanga iliyochakaa, miwani mitatu ya kukinga macho, mtungi mdogo wa gesi wenye kichomeo, tofali moja, na boksi la karatasi ngumu lililoandikwa VIOO TU.

Alianza kwa kuuliza darasa nani amewahi kuona mama akitenganisha doti ya kanga. Mikono ikapanda. Mnachanaje? Unaikata kidogo pembeni, kwa meno au wembe, halafu unavuta. Na bila ule mkato? Utavuta mpaka jasho likutoke, au itachanika pasipotakiwa.

"Kioo nacho hivyo hivyo. Kioo hatukikati kama mkate. Tunakiwekea mkato mdogo, halafu tunakiomba kiachie hapo hapo."

Akaulaza ufito mezani, akapima sentimeta 20, akabana kwa kidole gumba na kupitisha tupa mara moja. Si kusugua kama anayekata kuni. Mara moja, kwa kukaza, mchoro mfupi tu, robo ya mzunguko. Akaudondoshea tone la maji. Akavaa miwani. Akaufunga ufito kwa kitambaa, akaushika kwa mikono miwili, mchoro ukitazama mbele, mbali na kifua, na vidole gumba viwili vikiwa vimekutana nyuma ya mchoro, upande wake yeye. Kisha gumba zikasukuma mbele, na mikono ikavuta kidogo kwenda pembeni na kurudi kifuani.

Tk.

Sauti ile ile. Nilimwona rafiki yangu akikunja vidole vitatu vya mkono wa kushoto.

Lakini alipofunua kitambaa, ncha zote mbili zilikuwa zimekatika sawasawa, kama zimekatwa kwa kisu. Mtoto mmoja akasema "Heee!" na darasa likacheka.

Nilipokuwa naandaa hotuba yangu kwenye basi nilisoma kidogo kwenye simu. Mhandisi mmoja Mwingereza, A. A. Griffith, alichapisha mwaka 1921 maelezo ya kwa nini kioo huvunjika kirahisi kuliko hesabu zinavyotegemea: tayari kina nyufa ndogo ambazo jicho halizioni, na nguvu yote unayoitia hukusanyika kwenye ncha ya ufa. Kioo kinavumilia sana kubanwa, ila hakivumilii kuvutwa. Ndiyo maana mchoro unawekwa upande wa nje wa kupinda, upande unaovutwa, na ndiyo maana tone la maji linasaidia, kwa sababu maji hurahisisha ufa kuendelea. Madamu hakumtaja Griffith. Alisema tu: "Ufa upo utake usitake. Afadhali uwe ule uliouchagua wewe."

Kisha akawasha gesi. Ncha iliyokatika ni wembe, haitakiwi kuachwa hivyo. Aliishika kwenye moto akiizungusha taratibu, na moto wa bluu ukageuka manjano kwa sababu ya sodiamu iliyomo kwenye kioo. Baada ya muda ncha ikawa nyekundu, ukali wake ukayeyuka ukawa mviringo. Kioo cha kawaida huanza kulainika kwenye nyuzi 700 za Selsiasi hivi. Akakilaza juu ya tofali.

"Hiki hapa cha moto, hiki cha baridi. Nani anaweza kuvitofautisha kwa macho?"

Hakuna.

"Basi kilicho juu ya tofali hakishikwi. Sheria ni ya tofali, msiniulize kioo."

Binti wa rafiki yangu aliitwa wa tano. Nilijua ni yeye kwa sababu baba yake alisimama. Akachora vizuri, akafunga kitambaa, akageuza mchoro mbele. Akasukuma. Kimya. Akasukuma zaidi, mabega yakapanda, na nikaona mimi mwenyewe nimeshika ukingo wa meza.

"Acha," akasema Madamu, wala hakupaza sauti. "Kikikataa usikikomoe. Kirudishe mezani, tazama mchoro wako."

Mchoro ulikuwa hafifu. Akaupitisha tupa tena palepale, akaweka maji, akashika upya. Tk. Ukakatika kwa kushuka kidogo upande mmoja, si vizuri kama wa mwalimu. Akauchoma ncha, akauweka kwenye tofali, akamtafuta baba yake kwa macho. Baba yake alikuwa ameketi tena.

*

Kipindi kilipoisha na watoto wametoka, rafiki yangu hakuondoka. Alisimama mbele ya kabati, ambalo halikuwa na kufuli kipindi kile, akaonyesha kizibo cha mpira.

"Mwalimu, na hii mnaifanyaje?"

Akamwonyesha. Kwanza mrija uwe umechomwa ncha na umepoa kabisa. Akamimina maji ya sabuni kidogo, akalowesha ncha ya mrija na tundu la kizibo. Akafunga kitambaa kila mkono. Kizibo hakikai kiganjani. Alikishika kwa pembeni, kati ya gumba na vidole, ili mrija ukikatika usikute nyama mbele yake. Na mkono wa pili aliushika mrija karibu kabisa na mpira, sentimeta mbili hivi, siyo kule mwisho. Hakusukuma. Alizungusha, kama anayefunga skrubu, taratibu, na mrija ukapita kama si kitu.

Ilichukua muda mfupi kuliko kuusimulia hapa.

"Jaribu, mzazi."

Nilidhani atakataa. Alichukua kizibo kwa mkono wa kushoto, vile vidole viwili vimenyooka kando kama havimo kwenye shughuli. Na kweli havikuhitajika. Gumba na vidole viwili vilitosha. Akalowesha, akazungusha, mrija ukaingia. Akautoa. Akauingiza tena. Kisha akamshukuru mwalimu kwa Kisukuma, wabeja, akatoka nje.

*

Tulitembea kurudi nyumbani, kama nusu saa kwa miguu. Nikaona nisipolisema leo sitalisema tena. Nikamwambia. Kwamba kitini kilikuwa na mstari wa nne. Kwamba kulikuwa na neno pale, sikulijua, nikaona aibu kuuliza, nikaliruka. Kwamba usiku ule ule nilijua maana yake, na nimeijua miaka yote hii, kwenye harusi yake, kwenye msiba wa mama yake, kila siku niliyokula kwake.

Katika miaka hiyo nimeandika sana kuhusu lugha ya kufundishia. Najua kwamba TUKI walichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, miaka 13 kabla ya siku yetu, na maktaba yetu haikuwa nayo. Najua Sera ya Elimu ya 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia ngazi zote, na sekondari zikaendelea na Kiingereza. Hoja hizo zote nilikuwa nazo mdomoni njiani pale. Sikuzitumia. Hakuna sera iliyoniziba mdomo siku ile. Nilikuwa na mwalimu chumba kimoja na mimi.

Alinyamaza hadi tukapita mashamba mawili.

"Kwa hiyo ilikuwa sabuni tu."

"Sabuni. Au hata maji."

"Mimi nilikuwa na kipande cha mche kwenye tranka." Akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Shule nzima ilikuwa na sabuni, bwana."

Tukaendelea kutembea. Kisha akauliza, "Na mwalimu wetu, yeye alilijua hilo neno?"

"Nadhani."

"Basi mgawane," akasema. Hakuongeza neno, na mimi sikuomba zaidi ya hapo.

Usiku tulikula ugali na nsansa. Baada ya chakula alimwita binti yake alete daftari la kemia na kumwambia asome alichoandika leo, kwa sauti. Mtoto akasoma kwa Kiingereza. Baba akawa anamsimamisha: hilo maana yake nini? Naye anaeleza, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kisukuma, mara kwa kuonyesha kwa mikono yake, gumba mbili zikisukuma mbele. Walikwenda hivyo mstari kwa mstari, taratibu mno. Karibu na mwisho wa ukurasa akafika kwenye neno moja la jinsi ya kupooza kioo polepole ili kisibaki na mkazo ndani. Akasita. Akanigeukia.

"Baba mdogo, hili kwa Kiswahili ni nini?"

Sikulijua. Nikamwambia silijui.

"Andika pembeni," baba yake akasema. "Kesho umuulize Madamu."